Maji ya Chini Hayajui Mpaka wa Kiwanja

Wengi wetu tumepanga vyumba Kenmore na mitaa iliyo karibu, kaskazini mwa Buffalo. Muhula huu mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Lubumbashi, alituletea swali kutoka nyumbani kwao. Wazazi wake wamepata nyumba ya kununua katika mji wa Tonawanda unaopakana na Kenmore, kwa bei wanayoimudu. Jirani mmoja akawaambia, "Kabla hamjatia saini, ulizeni kuna nini chini." Mzee akacheka: nani hununua nyumba kwa kuangalia maji yaliyo chini ya ardhi? Sisi hatukucheka. Tuliona swali hilo linatuhusu sote, wenye nyumba na wapangaji.

Tuanze na historia, maana inaanzia kwao. Kati ya mwaka 1942 na 1946, kiwanda cha Linde kilichopo Tonawanda kilisafisha madini ya urani kwa ajili ya mradi wa siri wa kutengeneza bomu la atomiki. Sehemu ya madini hayo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ikichimbwa kwa jasho la Wakongo. Maji machafu ya kiwandani, mamilioni ya galoni, yalimwagwa katika visima vilivyochimbwa palepale. Mabaki mengine yalipelekwa kwenye kiwanja ambacho serikali ilikipata mwaka 1943. Mwaka 1960 kiwanja hicho kiliuzwa kwa kampuni ya mafuta. Mwaka 1974 kampuni ikachimba humo ili ijenge, na udongo wenye mabaki ukahamishiwa viwanja vingine. Kosa la mahali pamoja likawa la mahali kadhaa.

Tangu mwaka 1997 kazi ya kusafisha maeneo hayo imekuwa mikononi mwa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani. Udongo ulichimbwa ukasafirishwa mbali. Kuhusu maji yaliyo chini ya kiwanja cha Linde, mwaka 2006 iliamuliwa kwamba hayatasafishwa, kwa kuwa kwa asili yake ni mabaya na hakuna anayeyanywa. Ni kweli kwamba maji ya bombani huku hutoka Mto Niagara. Lakini hapo ndipo tulipojifunza jambo la kwanza: "kusafishwa" katika lugha ya ofisi maana yake ni kufikia kiwango kinachotosha kwa matumizi yaliyokusudiwa. Si lazima ardhi irudi ilivyokuwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale ya ardhini huzoleka kwa shida zaidi.

Sasa, jirani ambaye hakumwaga chochote huguswaje? Kwanza, maji ya ardhini husogea polepole na hupita chini ya ua bila hodi. Wasafishaji huhitaji kujua yamefika wapi, kwa hiyo humwomba mwenye kiwanja ruhusa ya kuchimba visima vidogo vya kupimia, na huenda wakarudi kuchukua sampuli kwa miaka mingi. Pili, baadhi ya kemikali, kama zile zinazotumiwa na madobi wa nguo kavu, hugeuka mvuke unaopanda hadi kwenye chumba cha chini ya nyumba. Dawa yake ni bomba na feni ya kuvuta hewa kutoka chini ya sakafu. Tatu, hati ya ardhi inaweza kuwekewa masharti: usichimbe kisima, usibomoe sakafu bila idhini. Na nne, mnunuzi akisikia hayo yote, bei hushuka.

Je, mwenye nyumba anaweza kudaiwa gharama? Sheria ya mwaka 1980, ambayo watu huiita Superfund, ilimpa hofu hiyo, kwa sababu inaweza kumdai mmiliki wa leo hata kama si yeye aliyechafua. Mwaka 1991 Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani lilitangaza kwamba kwa kawaida halitawafuata wenye nyumba za kuishi ambao hawakuchangia uchafuzi. Mwaka 1995 likasema vivyo hivyo kuhusu wale ambao maji machafu yamewafikia kutoka kwa jirani. Mwaka 2002 Bunge la Marekani likaweka kinga katika sheria yenyewe kwa majirani na wanunuzi. Ila kinga hiyo ina masharti: uwe ulifanya uchunguzi unaostahili kabla ya kununua, na uwape ushirikiano wanaosafisha.

Umuhimu wa kuuliza mapema unaonekana Love Canal, mjini Niagara Falls, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa. Mwaka 1953 kampuni ya kemikali iliiuzia bodi ya shule ardhi iliyofukiwa taka za sumu, kwa dola moja, na hati ikaeleza kuwa kuna kemikali. Nyumba zilipojengwa kuizunguka, onyo lile lilibaki katika makaratasi; familia zilizonunua hazikulisoma. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura, na mwishowe mamia ya familia zikahamishwa.

Na asiye na hati? Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwapa wakazi sumu ya risasi. Wengi wao hawakuwa na hatimiliki ya kushika mkononi. Hata hivyo mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza mazingira yasafishwe. Rufaa ikaipangua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Haki ya kuishi mahali salama haikuanzia kwenye hati.

Sisi wapangaji nasi tusijione wageni katika jambo hili. Tangu mwaka 2008 sheria ya Jimbo la New York inamtaka mwenye nyumba aliyepewa matokeo ya vipimo vya hewa ya ndani yaliyozidi kiwango awajulishe wapangaji wake ndani ya siku 15. Ukiona bomba geni linatoka sakafuni, una haki ya kuuliza.

Wazazi wa mwenzetu hawajaamua. Wameomba hati ya zamani ya kiwanja na taarifa za vipimo vya eneo lile, na sisi tunawasaidia kuzisoma na kuzieleza kwa Kiswahili. Mzee sasa hacheki tena. Juzi alituambia kwamba babu yake aliishi karibu na Shinkolobwe na hakuambiwa mawe yale yanakwenda wapi. Yeye anataka aambiwe. Kuuliza si ujinga.