Magofu ya Kaole

Magofu ya Kaole ni mabaki ya mji wa kale wa Waswahili katika Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani, nchini Tanzania. Yako takriban kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo, karibu na ufuko wa Bahari ya Hindi. Yanayoonekana leo ni misikiti miwili, makaburi zaidi ya 20 na kisima. Nyumba za wakazi hazionekani. Katika miji mingi ya pwani watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, ambazo haziachi ukuta nyuma yake. Mawe yalitumika kwanza kwa msikiti na kwa makaburi ya wakubwa. Kwa hiyo mgeni asidhani kwamba Kaole ilikuwa msikiti peke yake porini.

Historia

Msikiti mkubwa kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa karne ya 13, na hivyo ni miongoni mwa misikiti ya kale zaidi Tanzania Bara. Mwanaakiolojia Mwingereza Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958.

Maelezo yaliyozoeleka, ambayo wengi wetu tuliyasoma shuleni, ni kwamba mji ulianzishwa na Washirazi waliotoka Uajemi. Maelezo hayo hayatoshi. Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba baadaye katika eneo la Kaole na kukuta vigae vya vyungu vya kienyeji vya zamani kuliko msikiti. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wakiishi hapa kabla ya jiwe la kwanza la msikiti kuwekwa. Wageni walikuja na biashara na dini, lakini hawakukuta ufuko mtupu.

Mji uliishi kwa bandari yake. Mikoko ilipozidi kuota na kuziba njia ya maji, vyombo vilishindwa kukaribia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Hata hivyo Kaole haikusahaulika mara moja. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke, wakiwa safarini kuelekea Ziwa Tanganyika, walishuka Kaole, ambako Sultani wa Zanzibar alikuwa na kikosi cha askari Wabaluchi.

Usanifu

Majengo ni ya mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Mafundi wa pwani walitumia matumbawe ya aina mbili. Yale magumu ya nchi kavu yalijenga kuta. Yale yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi ni laini, huchongeka kwa urahisi kisha hukauka na kuwa magumu. Hayo yalifaa kwa mihrabu na fremu za milango. Paa za misikiti ya namna hii zilibebwa na boriti za mikoko, ambazo huvuka nafasi ya mita tatu hivi tu. Ndiyo sababu misikiti ya kale ya pwani ina vyumba vyembamba au safu za nguzo ndani. Mihrabu iko upande wa kaskazini, kwa kuwa kutoka Bagamoyo Makka iko karibu kaskazini kabisa.

Makaburi ndiyo yanayoipambanua Kaole. Baadhi yana nguzo ndefu ya mawe iliyosimama juu ya ukuta wa kaburi. Makaburi ya nguzo hupatikana katika pwani ya Waswahili kuanzia Somalia hadi Tanzania, wala si desturi ya Uarabuni au Uajemi. Huu ni ushahidi mwingine kwamba mafundi walifuata mila za hapa. Katika lipu ya nguzo yalipachikwa mabakuli kutoka China, kama ilivyofanyika pia Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Mabakuli hayo yameng'olewa au kuvunjika, na mahali pake yamebaki mashimo ya mviringo.

Baadhi ya makaburi bado huzuruliwa na watu wanaokuja kuomba dua, hasa lile linalojulikana kuwa la Sharifa.