Nani Anatikisa Dadu ya Simu?

Jumamosi iliyopita nilipita kijiwe kimoja karibu na uwanja wa Kambarage, hapa Shinyanga, nikakuta vijana wawili wameshikana mashati. Chanzo kilikuwa shilingi 5,000 na ludo ya kwenye simu. (Mambo ya kuwekeana fedha leo nayaacha, yana siku yake.) Mmoja alirusha dadu mara 10 asipate sita hata moja, akaapa kwamba simu ya mwenzake ina hila.

Nikamwambia kwamba kwa dadu halali, kukosa sita mara 10 mfululizo hutokea kama mara 16 katika kila 100. Hata hivyo shaka yake haikuwa ya kipuuzi. Dadu ya mkononi tunaitikisa kikombeni na wote tunaiona ikibingirika. Ya simu nani anaitikisa?

Hakuna. Simu inapiga hesabu tu. Chukua 3, zidisha kwa 5, gawanya kwa 7, ushike kinachobaki: ni 1. Ifanyie 1 hiyo vivyo hivyo, utapata 5, kisha 4, kisha 6, kisha 2, halafu unarudi kwenye 3. Namba zote sita za dadu hizo, tena zimevurugika! Programu zenyewe hutumia namba kubwa mno, na huanzia mahali pagumu kukisia, ili mtu asibashiri kinachofuata.

Nayajua haya kwa sababu ya mpwa wangu. Yeye na binamu zake wa Mwanza na Geita hucheza kwa intaneti ule mchezo wa kuigiza mashujaa, wa jamii ya Dungeons & Dragons uliotoka Marekani mwaka 1974. Dadu yake kubwa ina pande 20. Badala ya kurusha na kujumlisha kila mara, kijana aliandika amri, wao huiita makro: rusha dadu ya pande 20, ongeza 5, jumla ikifika 15, umempata adui, basi rusha ya pande 8, ongeza 3, hayo ndiyo maumivu yake. Kitufe kimoja, kazi imekwisha.

Kumbe mahali pa 5 aliandika 7. Kwa 5, upanga wake ungempata adui mara 55 katika 100. Kwa 7 ni mara 65. Wiki tatu nzima hakuna aliyegundua, maana walitazama jumla peke yake. Aliyeshtuka ni binamu wa Geita, ambaye kazi yake ni kupima dhahabu, na hapokei uzito wowote kabla hajaiona mizani ikiwa tupu. Akasema, hebu ifungue hiyo amri tuisome. Mpwa wangu aliona haya sana. Siku hizi amri yao huonyesha kila mrusho na kila nyongeza pembeni yake.

Wale wa kijiweni niliwaacha wameinama chini ya benchi, wanaitafuta dadu ya zamani.