Kiingilio cha Senti 25

Tarehe 11 Agosti 1973, msichana aitwaye Cindy Campbell aliandaa disko katika ukumbi wa jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, eneo la Bronx, jijini New York. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa naye alitaka nguo mpya. Mialiko iliandikwa kwa mkono kwenye vikadi, na kiingilio kikapangwa: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Mpiga santuri alikuwa kaka yake, Clive, kijana mzaliwa wa Jamaika ambaye mtaa mzima ulimjua kama DJ Kool Herc. Usiku huo ndio unaohesabiwa kuwa usiku wa kuzaliwa kwa hip-hop.

Wasimulizi wengi hukaa kwenye mashine mbili za santuri za Herc na namna alivyokirudia kile kipande cha ngoma tupu ambacho wachezaji walikisubiri kwa hamu. Cindy hutajwa kwa haraka, kisha husahauliwa. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na lengo la fedha, na akapanga bei ya kiingilio. Hip-hop ilianza ikiwa na bajeti. Ukilikumbuka hilo, huwezi kushangaa kwamba leo utamaduni huu unatumika kuwafundisha vijana habari za akiba, riba na mikataba.

Bronx ya wakati huo ilikuwa imeachwa. Tangu miaka ya 1930 ramani za mikopo ya nyumba nchini Marekani zilikuwa zimepaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi na maskini, na mkazi wa humo alikuwa na nafasi ndogo sana ya kukopeshwa na benki. Barabara kuu ya Cross Bronx ilikuwa imepasua makazi ya maelfu ya familia. Baadhi ya wenye nyumba waliona ni afadhali majengo yao yaungue walipwe bima kuliko kuyakarabati. Magenge ya vijana yaligawana mitaa mpaka Desemba 1971, pale kijana mpatanishi wa kundi la Ghetto Brothers alipouawa, na badala ya kulipiza kisasi viongozi wa magenge wakakaa kikao cha amani ukumbini Hoe Avenue. Kizazi kilichofuata kilipata nafasi ya kuvuka mitaa kwenda kucheza.

Humo ndimo desturi za hip-hop zilimokomaa. Watu hujipanga duara, yaani kilinge. Mmoja huingia katikati, huchana mistari au hucheza, kisha humpisha mwingine. Hakuna anayeulizwa cheti. Waliopo ndio mahakimu, na hukumu hutoka papo hapo. Aliyeshindwa hurudi wiki ijayo na mistari mipya. Chipukizi huanza kwa kubeba masanduku ya santuri na spika za mkubwa wake, akitazama kila mkono unavyokwenda, hadi siku atakayoruhusiwa kugusa mashine. Jina la jukwaani hulipati kwa kujipachika tu, hulilinda kwa kazi. Na upo mwiko mmoja unaozidi yote: mistari ya mwenzio haiibwi. Mwizi wa mistari huzomewa, na aibu hiyo humfuata mtaani kwa miaka.

Mwiko huo ulivunjwa kwa kishindo mwaka 1979. Sylvia Robinson, mwenye kampuni ya Sugar Hill, alikuwa akitafuta vijana wa kurekodi wimbo wa kuchana, akampata Henry Jackson, maarufu kama Big Bank Hank, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la piza New Jersey. Hank hakuwa mtunzi. Alitumia mistari ya rafiki yake wa Bronx, Grandmaster Caz, na hata lakabu ya Caz aliiacha ndani ya wimbo kama ilivyokuwa. “Rapper’s Delight” ukawa wimbo wa kwanza wa rap kuvuma dunia nzima. Caz hakutajwa kama mtunzi, wala hakupata mgawo.

Kisa hicho kinastahili kusomwa katika kila darasa la elimu ya fedha lenye kijana anayeandika mashairi. Kwenye kilinge, aibu ilitosha kumlinda mtunzi kwa sababu kila aliyesikia alijua mistari ni ya nani. Sokoni, msikilizaji wa Ulaya hakumjua Caz wala Hank. Huko anayetambulika ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye karatasi. Hakimiliki, mirabaha na mgawo wa asilimia ni ulinzi ule ule ambao jamii hii ilikuwa nao tangu mwanzo, umehamia tu kwenye maandishi. Mwalimu akianzia hapo, kijana haoni somo geni.

Fedha ziliingia nyingi baadaye, na maumivu pia. MC Hammer, aliyeuza mamilioni ya nakala, aliomba kulindwa na sheria ya ufilisi mwaka 1996. Mwaka huo huo Master P wa New Orleans alifanya mkataba wa usambazaji uliomwachia umiliki wa rekodi zake mwenyewe, na huo ndio uliojenga utajiri wake.

Aliyeifanya hesabu hii ya umiliki kuwa mafundisho ya wazi ni rapa Nipsey Hussle wa Los Angeles. Jina lake halisi ni Ermias Asghedom, baba yake Mwiritrea. Mwaka 2004, kabla hajapata umaarufu, alikwenda na baba yake Eritrea akakaa miezi mitatu, na baadaye alieleza mara nyingi jinsi kuwaona watu weusi wakiendesha nchi na biashara zao kulivyombadilisha. Mwaka 2013 aliiachia miksitepu yake, “Crenshaw”, bure kwenye intaneti, na papo hapo akatoa nakala 1,000 za kushika mkononi kwa dola 100 kila moja. Wengi walimcheka: nani anunue kinachopatikana bure? Nakala zote ziliisha. Jay-Z peke yake alichukua 100. Nipsey alikuwa ameelewa kwamba msikilizaji wa kawaida na shabiki wa damu ni wateja wawili tofauti, kila mmoja na bei yake. Cindy Campbell naye alikuwa na bei mbili mlangoni.

Mwaka 2017 Nipsey alifungua duka la nguo kwenye makutano ya Crenshaw na Slauson, mtaa aliokulia akiuza bidhaa barabarani. Mwaka uliofuata akashiriki kuanzisha Vector90, jengo la ofisi za pamoja lenye mafunzo ya sayansi na teknolojia kwa vijana wa eneo hilo, kisha yeye na mshirika wake wakainunua plaza yenyewe lilimokuwa duka. Aliuawa mbele ya duka hilo tarehe 31 Machi 2019, akiwa na miaka 33. Vijana wengi waliojifunza neno “umiliki” walilisikia kwake kabla ya kulisikia kwa ofisa wa benki.

Si kila anayekuja na midundo na elimu ya fedha huja kwa nia ile ile, na hapa macho yafunguke. Mwaka 2001 mfanyabiashara wa muziki Russell Simmons na mwanaharakati Benjamin Chavis walianzisha Hip-Hop Summit Action Network, iliyozunguka miji ya Marekani na mikutano ya bure ambapo wasanii walizungumza na vijana kuhusu madeni na rekodi ya mkopaji. Mikutano ilijaa. Lakini Simmons huyo huyo alikuwa pia na kadi ya malipo ya awali, RushCard, iliyolaumiwa kwa ada zake. Oktoba 2015 mitambo ilikwama na maelfu ya wateja, wengi wa kipato cha chini, wakashindwa kufikia fedha zao. Mwaka 2017 mamlaka ya kulinda watumiaji iliamuru kampuni hiyo pamoja na Mastercard kulipa dola milioni 13, zikiwemo milioni 10 za kuwafidia wateja. Kijana anayefundishwa fedha kwa muziki ana haki ya kuuliza mfadhili wa jukwaa anauza nini.

Rapa Dee-1 wa New Orleans alichagua njia nyingine. Alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa msanii, na alipopata malipo ya awali ya mkataba wa kurekodi hakununua mkufu. Alimaliza deni lake la masomo, kisha akatunga wimbo wa kulishangilia. Katika muziki ambao mara nyingi husifu matumizi, kuimba furaha ya kulipa deni kulihitaji ujasiri.

Darasani, mbinu ya kufundisha kwa kuchana imekwisha kujaribiwa katika somo jingine. Mtaalamu wa elimu Christopher Emdin, akishirikiana na GZA wa kundi la Wu-Tang Clan, alianzisha mpango katika shule za umma za New York ambapo wanafunzi waliandika mistari ya sayansi na kushindana. Riba inaweza kupita njia hiyo hiyo. Mpe kijana ubeti wa mistari 16 aeleze mkopo wa simu wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. Hawezi kuuandika bila kupiga hesabu kwamba kwa mwaka hiyo ni asilimia 90, na akikosea, kilinge kitamkosoa kabla ya mwalimu.

Nairobi inao mtaa unaoijua njia hii. Dandora, penye jalala lililofunguliwa miaka ya 1970, ndipo walipotoka Kalamashaka, kundi lililochana kwa Kiswahili na Sheng mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye Ukoo Flani Mau Mau. Rapa Juliani, aliyekulia humo na kundi hilo, alianzisha Dandora Hip Hop City, kituo cha watoto na vijana kujifunza sanaa na ujasiriamali. Mradi wake mmoja unaitwa Taka Bank: mtoto huleta taka za plastiki, huandikiwa alama, na alama hizo hubadilishwa kwa mahitaji yake. Kuweka, kuhesabu na kungoja, mtoto huvifanya kwa mikono yake kabla ya kufungua akaunti yoyote.

Kinachobaki kwa wanaoandaa mafunzo ya aina hii, Nairobi, Mwanza au Bujumbura, ni kuingiza karatasi ndani ya kilinge. Vijana watatu wakimaliza wimbo studio, waandike kabla ya kutoka mlangoni nani katunga mistari, nani kapiga biti, nani kaimba kiitikio, na kila mmoja asilimia ngapi. Kisha wasajili kazi yao kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya. Kuandika mgawo huo huchukua dakika chache tu, wakati wimbo bado ni wao watatu na hakuna aliyeutolea hata shilingi.