Angani Ukikanyaga Mafuta, Unaachwa! Cheki Hesabu Yenyewe

Skia, msee wa Endarasha. Uko kwa mat unaelekea Nyeri, mbele kuna nganya ingine na dere wenu hataki kuachwa. Anakanyaga mafuta, anaipita, story imeisha. Jaribu hivyo angani uone ngori.

Taifa-1 ya Kenya ilirushwa 15 Aprili 2023 ikapelekwa kilomita 500 na ushee juu. Huko setilaiti hukimbia kilomita 7.6 kila sekunde. Ni kama kutoka Nyeri hadi Nairobi kwa sekunde 20 hivi.

Sasa kuna mwenzako mbele, mko njia moja. Ukiongeza mwendo, hakuna lami ya kukushikilia, kwa hivyo unapanda juu. Huko juu mzunguko ni mrefu na mwendo wenyewe unapungua. Unazidi kuachwa. Dawa yake ni kupiga breki kidogo. Unashuka chini, njia inakuwa fupi, na unachomoka.

Piga hesabu. Kwa kilomita 500, mzunguko mmoja ni karibu dakika 95. Ukikaa kilomita 10 chini ya mwenzako, unaokoa kama sekunde 12 kila mzunguko. Sekunde 12 angani ni zaidi ya kilomita 90. Umemfikia, sasa unapanda tena pole pole.

Hii kitu ilisumbua hata wakubwa. Juni 1965, James McDivitt akiwa kwa Gemini 4 alijaribu kufukuza kipande cha roketi yake kwa macho tu, vile dere hufanya. Kilizidi kwenda mbali, mafuta yakaenda karibu nusu, akaambiwa aachane nacho. Desemba hiyo hiyo, Gemini 6A ilifuata hesabu ikafika karibu na Gemini 7, zikabaki kama sentimita 30 tu.

So, hii inakuhusu aje? Mwaka 2002 Marekani na Ujerumani zilirusha GRACE, setilaiti 2 zilizofuatana zikiachana karibu kilomita 220. Ya mbele ikikaribia sehemu nzito, inavutwa kwanza, na nafasi kati yao inabadilika kwa kipimo chembamba kuliko unywele. Maji ni mzigo, kwa hivyo yakipungua ardhini au ziwani, mvuto unapungua pia. Hivyo ndivyo kupanda na kushuka kwa maji ya Ziwa Victoria kulipimwa kutoka juu.

Usidanganywe lakini. Haziwezi kukuonyesha pa kuchimba kisima kwa shamba la shosho, kwa sababu zinaona maeneo makubwa tu. Zinachoonyesha ni kama maji ya ukanda mzima yanaisha, na kwa watu wa Kieni wanaojua kiangazi, hiyo si habari ndogo.

Kazi hiyo sasa iko kwa GRACE-FO, iliyorushwa Mei 2018. Kwa hivyo ticha wa hesabu akichora duara ubaoni, usilale. Maji yetu yanapimwa na hiyo duara.