Kuchagua Vitabu vya Kwanza vya Watoto katika Pwani ya Tanga

Wachaguao vitabu vya picha aghalabu huhesabu maneno yaliyomo katika ukurasa. Yakiwa machache, kitabu huitwa chepesi. Kipimo hiki chafaa Kiingereza, si Kiswahili. "Amekupikia" ni neno moja, walakini lina mtenda, wakati, mtendewa na kauli ya kutendea, vyote katika silabi sita. Mtoto wa Pangani ajuaye silabi zake hulitamka upesi, kwa kuwa maandishi yetu hufuata sauti, na mwalimu akadhani amesoma. Kufahamu nani kampikia nani ni kazi nyingine, na ni nzito zaidi kwa mtoto wa Muheza asemaye Kibondei nyumbani (ingawa Kibondei nacho kina viambishi vyake).

Hapo ndipo picha itakiwapo: imwonyeshe mpishi na mpikiwa. Picha ya theluji, hata ikipendeza, haimfai. Ya ngalawa au shamba la mkonge huisoma kabla ya maneno. Vitabu vya Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, vina faida hiyo, kwani vimeandikwa na kuchorwa na Watanzania. Tena, kabla ya kukinunua kitabu, mchaguzi na atazame kama "ng'ombe" na "ngoma" yamewekwa karibu karibu, kila moja na picha yake.