Uziwi wa Kurithi: Mama Asibebeshwe Lawama

Hivi karibuni, baada ya swala ya Isha, kamati yetu ya msikiti iliketi kusikiliza shauri la ndoa. Mume na mke ni mabinamu. Watoto wao wawili wa kwanza wanasikia vizuri, lakini wa tatu amebainika kuwa ni kiziwi. Ndugu wa mume walishikilia kuwa kasoro imetoka kwa mke, na baadhi yao walikwishaanza kutaja talaka.

Tuliona ni wajibu wetu kuuliza wenye elimu kabla ya kutoa neno. Tuliyojifunza tunawaletea wasomaji, kwani shauri hili si la nyumba moja.

Kila mtoto hupokea nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Katika aina nyingi za uziwi wa kurithi, mtoto huwa kiziwi pale tu nakala zote mbili zinapokuwa na hitilafu. Mzazi mwenye nakala moja yenye hitilafu husikia kama kawaida, wala hajui alichobeba. Wazazi wote wawili wakiwa hivyo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaa mtoto kiziwi. Mabinamu, kwa kuwa wana babu na bibi wamoja, huweza zaidi kubeba hitilafu ileile. Basi katika aina hii, mtoto amerithi pande zote mbili.

Lakini hata hesabu hiyo haimalizi habari. Mwaka 2000 watafiti walieleza habari za ukoo mmoja mkubwa wa Pakistani ambamo ndugu wa karibu huoana. Watu 15 wa ukoo huo walikuwa na nakala zote mbili zenye hitilafu. Wanane walikuwa viziwi tangu kuzaliwa. Saba walikuwa wakisikia.

Watafiti waligundua kuwa wale saba walikuwa na badiliko katika jeni nyingine kabisa, na nakala moja tu yenye badiliko hilo, iliyotoka kwa mzazi mmoja, ilitosha kuwakinga. Jeni ya namna hii tunaweza kuiita jeni rekebishi, kwa sababu hubadilisha athari ya jeni nyingine. Mwaka 2018 jeni hizo mbili zilitambulishwa: yenye hitilafu ni GAB1, na rekebishi ni METTL13.

Tusizidishe maana ya habari hii. Huo ni ukoo mmoja, na zipo jeni rekebishi ambazo huongeza ukali wa maradhi badala ya kuyapunguza. Hata hivyo, funzo lake ni kubwa: watu wawili wanaweza kurithi hitilafu ileile, mmoja akasikia na mwingine asisikie. Ni nani basi atakayesimama barazani na kumnyooshea mama kidole?

Bukhari na Muslim wamepokea habari ya bedui aliyekwenda kwa Mtume (SAW) akimtilia shaka mkewe kwa kuzaa mtoto mweusi. Mtume alimwuliza rangi za ngamia wake. Bedui akakiri kuwa ni wekundu, na wamo pia wa kijivu. Na alipoulizwa hao wametoka wapi, akasema huenda ni asili iliyowavuta. Mtume akamfahamisha kuwa huenda na mwanawe ni vivyo hivyo. Mwanamke yule akasalimika na tuhuma.

Kwa familia ile tulinasihi mambo matatu: lawama zikome; mtoto apelekwe kwa mtaalamu wa masikio bila kuchelewa, kwani si kila uziwi ni wa kurithi; na nyumba nzima ianze kujifunza lugha ya alama. Mtoto asiyepewa lugha mapema hupoteza mengi kuliko sauti.

Baba mzazi wa mume alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha alimgeukia mkwewe akamwambia, "Mwanangu, tuwie radhi." Shauri likafungwa hapo.