Mazoezi Hayaishii Kwenye Uwanja wa Gwaride

Askari anayehitimu mafunzo ya awali huwa na pumzi ya kutosha. Hukimbia alfajiri, hubeba mzigo, hulala chini na kuinuka kwa amri. Akihamishiwa ofisini, ghalani au kwenye usukani wa gari, pumzi hiyo humtoka kidogo kidogo pasipo yeye kutambua. Sare huanza kubana kiunoni, na majirani huuita unene huo neema. Waganga huuhesabu kuwa onyo.

Onyo hilo lina ushahidi. Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva na kondakta walisafiri katika gari moja, lakini dereva aliketi karibu muda wote wa zamu, na kondakta alipanda ngazi zaidi ya 500 kwa siku. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopatwa waliugua kwa nafuu zaidi.

Morris hakuishia hapo. Mwaka 1956 alieleza kwamba suruali za sare za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta, hata kwa vijana. Ilibidi basi kuuliza kama tofauti yao ilitokana na kazi au na maumbile. Kwa hiyo aliwachunguza watumishi wa serikali wanaokaa mezani, na mwaka 1973 akaonyesha kwamba wale waliofanya mazoezi ya nguvu baada ya kazi waliugua moyo mara chache kuliko wenzao. Kiti cha ofisi, basi, si kisingizio.

Wakufunzi wa viungo hutofautisha nguvu za misuli na uwezo wa moyo na mapafu. Daktari Kenneth Cooper wa Jeshi la Anga la Marekani alitoa mwaka 1968 kipimo chepesi cha uwezo huo: mtu hukimbia au kutembea kwa dakika 12, kisha umbali alioufikia hupimwa. Mwenye mikono minene aweza kushindwa na mwembamba mwenye pumzi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima ajishughulishe kwa kiasi cha wastani dakika 150 hadi 300 kila wiki, na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kunatosheleza dakika 150. Kuruka kamba, kuchuchumaa na kuinuka, na kupiga pushapu hakuhitaji vyombo vya gharama.

Aliyekaa muda mrefu bila mazoezi asianze kwa mbio. Aanze kwa kutembea, apashe misuli moto kwanza, na aongeze kidogo kila wiki. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame mara moja na kumwona mganga. Mwenye shinikizo la damu au kisukari apate ushauri kabla ya kuanza.

Jikoni nako kuna wajibu. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika vyakula. Maharagwe, mboga za majani na matunda visikose mezani, na maji yachukue nafasi ya soda. Tumbaku iachwe kabisa, kwani huharibu mishipa ile ile ambayo mazoezi huitunza.

Mama wa nyumbani alimaye na kutekaye maji tayari amefanya kazi ya mwili. Baba akichukua jembe au ndoo, humpunguzia mkewe mzigo na kuufaa moyo wake mwenyewe. Maradhi ya moyo yakimwangusha mlezi, karo na chakula cha watoto huyumba. Nusu saa ya kutembea jioni, pamoja na watoto, ni gharama ndogo kuizuia siku hiyo.